GEORGE MÜLLER: ALIOMBA MAMBO MAKUBWA AKIWA AMEPIGA MAGOTI



Kwenye maombi ya asubuhi tunasikia watu wa namna mbili. Kuna mwenzetu anayeomba sawa vile mtu anamtuma mtoto ku soko: leta hiki, leta na kile, tena leo leo. Kuna mwingine anaogopa hata kutaja jambo analolitaka. Anazunguka na maneno mengi mazuri, anasema amina, anaenda zake, na hakuna kitu alichoomba. Wa kwanza ana uhodari lakini heshima inamkosa. Wa pili ana heshima, lakini hatumaini kama Mungu atampa kitu.

Barua kwa Waebrania inatuita tukaribie kiti cha neema bila woga. Na Bwana Yesu, kule Getsemane, aliomba kikombe kiondolewe, kisha akajiweka ndani ya mapenzi ya Baba yake. Basi uhodari na unyenyekevu vinaweza kukaa namna gani katika moyo wa mtu mmoja? Tuangalie maisha ya George Müller wa Bristol, maana yeye aliishi na jambo hili zaidi ya miaka 70.

Ujana wake

Alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 ku Kroppenstedt, katika nchi ya Prussia ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali wa kukusanya kodi, kwa hiyo feza ya serikali ilikuwa ikilala ndani ya nyumba yao. Mtoto George akawa anaiiba kidogo kidogo. Siku moja baba akahesabu feza, akaiacha wazi makusudi. Aliporudi alimpekua mwana wake, akaikuta ndani ya kiatu, chini ya mguu. George aliadhibiwa, lakini moyo haukugeuka. Aliwaza paka namna ya kuiba kwa akili zaidi.

Alipokuwa na miaka 14 mama yake alikufa. Usiku ule yeye alikuwa akicheza karata mpaka saa nane, hakujua kama mama yuko anakata roho. Alipokuwa na miaka 16 alikaa ku hoteli, akala vizuri, na feza ya kulipa hakuna. Wakamtia gerezani zaidi ya majuma matatu, mpaka baba yake alipolipa deni.

Na huyu njo mwanafunzi aliyetayarishwa kuwa pasta! Baba alitaka vile, maana pasta wa nchi yao alikuwa na nyumba nzuri na mshahara wa hakika. George alikuwa na vitabu vyake karibu 300, lakini Biblia hakuwa nayo.

Mtu aliyepiga magoti

Mwaka 1825 aliingia Universite ya Halle kusoma teolojia. Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, rafiki yake Beta alimpeleka ku mkutano mdogo ndani ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja, jina lake Wagner. Waliimba, kisha ndugu mmoja, Kayser, akapiga magoti akaomba. Huyu Kayser baadaye alikuja Afrika kuwa mmisionari.

Jambo lile lilimshika Müller sana. Katika maisha yake yote hakuwa ameona mtu akipiga magoti kuomba, na yeye mwenyewe hakuwa amefanya hivyo hata siku moja. Mtu wa pili aliyeomba mwishoni, mwenye nyumba, hakuwa na masomo makubwa. Müller aliwaza moyoni: mimi nina elimu kumpita huyu, lakini siwezi kuomba sawa yeye. Ile jioni njo alianza kugeuka. Tuone vizuri mahali alipoanzia: pale alipotambua kwamba elimu yake haimsaidii kitu mbele za Mungu.

Kuacha mshahara

Mwaka 1829 alifika Uingereza. Mwaka uliofuata akawa mchungaji wa kanisa dogo ku Teignmouth, akamwoa Mary Groves. Wakati ule mshahara wa mchungaji ulitoka katika feza ambayo watu walilipa kwa viti vya kanisani. Tajiri alipata kiti kizuri, maskini alisukumwa nyuma. Müller aliona hii inapigana na Barua ya Yakobo. Akaacha mshahara. Wakaweka sanduku kanisani, kila mtu atie anachotaka bila kujulikana. Yeye na mkewe wakapatana kwamba haja zao hawatamwambia mtu, watamwambia Mungu tu.

Mwaka 1832 walihamia mji wa Bristol pamoja na rafiki yake Henry Craik. Mwaka uleule kolera ilikuwa ikiua watu mjini. Mayatima walikuwa wengi, na wengi wa watoto hao hawakuwa na mahali pa kwenda.

Nyumba ya mayatima

Mwaka 1835 Müller alimzika mwana wake mdogo, Elijah, ambaye alikuwa hajafikisha miaka miwili. Miezi michache baadaye, mwezi wa Desemba, akisoma Zaburi ya 81, aliona ahadi ya Mungu kwa mtu anayefungua kinywa wazi. Akafungua kinywa kweli. Aliomba nyumba, watu wa kutumika, na pauni 1,000. Yeye mwenyewe hakuwa na kitu.

Feza ya kwanza iliyoingia ilikuwa shilingi moja. Kisha mwanamke mmoja mshonaji, mtu wa afya kidogo na mshahara kidogo sana, alileta pauni 100 kutoka katika urithi wake. Müller hakuikamata mbio. Alimwita, akazungumza naye taratibu, apate kujua kama hatoi kwa haraka ya moyo ambayo kesho itamletea majuto. Alipoona mama huyu amefikiri vizuri, njo akapokea. Zile pauni 1,000 zilitimia mwezi wa Juni 1837, baada ya maombi ya kila siku ya mwaka mmoja na nusu.

Kabla ya kufungua nyumba, aliweka siku katika Februari 1836 ili watu walete majina ya watoto. Alikaa ndani ya chumba cha kanisa saa mbili nzima. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuja. Alirudi nyumbani akiwaza, na jioni ile akajinyenyekeza mbele za Mungu. Akatambua jambo: aliomba feza, akaomba nyumba, akaomba wafanyakazi na vyombo, lakini watoto wenyewe hakuwaomba! Alifikiri hao watakuja wenyewe, maana mayatima si wengi? Basi aliwaomba, tena akamwambia Mungu kwamba kama mpango wote hauleti utukufu wake, uvunjike, naye atafurahi. Kesho yake mtoto wa kwanza aliombewa nafasi, na ndani ya mwezi mmoja wengine 42. Nyumba ilifunguliwa Aprili 1836, ku Wilson Street.

Miaka ya njaa ya feza

Tusifikiri kwamba baada ya hapo feza ilitiririka kama mto. Mara nyingi asubuhi ilifika na feza ya chakula cha jioni haijulikani iko wapi. Kukopa walikataa. Wafanyakazi walikusanyika kuomba, na wenyewe walitoa mfukoni kile walichokuwa nacho, maana Müller aliona haifai kumwomba Mungu kitu ambacho wewe mwenyewe unakificha.

Kulikuwa na watu waliosema kwamba ile ripoti yake ya kila mwaka ni njia ya kuombaomba kwa kujificha. Mwishoni mwa mwaka 1841 wakati wa kutoa ripoti na kufanya mkutano ulifika, na sanduku lilikuwa karibu tupu. Mwingine angepiga mbio kuitisha mkutano. Yeye aliuahirisha miezi kadhaa, ili ionekane kwamba tumaini lake si ripoti. Miezi ile ilikuwa migumu sana, lakini katika vitabu vyake aliandika kwamba watoto hawakulala njaa.

Upepo wa kusini

Mwaka 1849 alijenga nyumba kubwa ya mayatima 300 ku Ashley Down, pembeni ya mji. Mwishoni mwa Novemba 1857, chombo kikubwa cha kuchemsha maji kilichopasha nyumba hii joto kilianza kuvuja. Kilikuwa kimezungukwa na matofali, kwa hiyo ili kukitengeneza lazima wazime moto na kubomoa ukuta. Siku ya kazi ikapangwa. Kisha upepo mkali wa kaskazini ukaanza kuvuma, baridi ya kweli ya Ulaya, na ndani kulikuwa na watoto wadogo.

Müller aliomba mambo mawili: Mungu ageuze upepo uwe wa kusini, na awape mafundi moyo wa kazi sawa watu wa Nehemia walipojenga ukuta. Kuomba upepo ugeuke, huo ni uhodari! Lakini tuone: siku ya kazi aliipanga, mafundi aliwaita, kisha njo akaomba. Hakukaa akingoja chombo kijitengeneze. Siku ile upepo wa kusini ulivuma, hakukuwa na haja ya moto. Jioni mafundi wenyewe waliamua kutumika usiku kucha. Kazi ikaisha, moto ukawashwa tena, na watoto hawakupata taabu ya baridi.

Mungu alipokataa

Sasa tufike mahali ambapo wengi wanapaogopa. Februari 1870 mkewe Mary aliugua sana, na baada ya siku chache akafa. Walikuwa wameoana miaka 39. Mtu ambaye aliomba upepo ukageuka aliomba ku kitanda cha mkewe, na mauti haikurudi nyuma. Alifanya nini? Muda mfupi baada ya msiba alienda ku mkutano wa maombi, akamshukuru Mungu. Mazishi aliyaongoza yeye mwenyewe, na baadaye akahubiri juu ya wema wa Mungu. Hakusema kwamba Mungu amemdanganya, wala hakuacha kuomba mambo makubwa. Mwaka huohuo, 1870, nyumba ya tano ya mayatima ilifunguliwa, na nafasi zikawa 2,050.

Tena mwaka 1844 alianza kuwaombea watu watano, majina yao kila siku, wamgeukie Kristo. Wa kwanza aligeuka baada ya mwaka mmoja na nusu, wa pili baada ya miaka mitano zaidi, wa tatu baada ya miaka mingine sita. Miaka zaidi ya 30 ilipita na wawili walikuwa bado. Yeye aliendelea kuwataja kila siku, nyumbani na safarini, hata alipozunguka zaidi ya nchi 40 akihubiri katika uzee wake.

Mwisho wake

Tarehe 9 Machi 1898 jioni alikuwa ku mkutano wa maombi kama kawaida. Kesho yake asubuhi walimkuta amekufa ndani ya chumba chake, na miaka yake 92. Mayatima zaidi ya 10,000 walikuwa wamelelewa. Feza iliyopita mikononi mwake ilikuwa karibu pauni 1,500,000, lakini mali aliyoacha mwenyewe ilikuwa kidogo sana. Yule mwizi wa kiatu!

Kwetu Congo habari hii si ya mbali sana. Frederick Stanley Arnot, aliyefika Bunkeya kwa Mwami Msiri mwaka 1886, alitoka katika jamii ileile ya Ndugu ambayo Müller alikuwa mmoja wa viongozi wake. Misioni ya Garenganze nayo ilianzwa na watu wasio na mshahara wa hakika.

Tufikiri

Müller aliweza kuomba kwa uhodari juu ya nini? Kwa sababu kile alichoomba hakukihesabu kuwa chake. Watoto walikuwa wa Mungu, nyumba ya Mungu, deni la chakula la Mungu. Kabla ya kuomba neno alijaribu kwanza moyo wake, mpaka aone kwamba yuko tayari kwa ndiyo na kwa hapana. Akishafika pale, hofu ilikwisha, akafungua kinywa wazi. Anayeomba kwa ajili ya jina lake mwenyewe ana sababu ya kuogopa, maana akikataliwa ameaibika. Anayeomba kwa ajili ya jina la Baba aibu haimpati.

Basi, rafiki yangu, unapoomba juu ya minervali ambayo baba hajaipata, juu ya mama aliye ku hopitali, juu ya egzamen inayokaribia, usizunguke. Taja jambo lenyewe, na jina lake. Soma somo lako, kama Müller alivyoita mafundi wake. Kisha uache mikono yako wazi. Jibu likija, andika tarehe ndani ya kaye yako, usisahau kushukuru. Lisipokuja, kesho piga magoti tena.