Mwenye Heri Anuarite, Jirani Yetu wa Wamba

Katika kitabu hiki cha jubilei ya parokia yetu mtakuta picha nyingi, majina ya mapadri waliotutangulia, na habari za matofali na mabati. Hayo ni mema. Lakini tumeona yafaa kuwasimulia pia maisha ya Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Jina lake sote twalijua. Maisha yake wengi wetu twayajua kuanzia usiku wa kufa kwake tu, kana kwamba alizaliwa usiku ule.

Huyu si mtakatifu wa inchi za mbali. Mtu akitoka Bunia kwa njia ya Komanda na Mambasa hata afike Nia-Nia, kisha akigeuka kwenda kaskazini, atafika Wamba. Karibu na hapo, kijijini Matali, katika inchi ya Wabudu, alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939. Baba yake, Amisi, alikuwa askari. Mama yake aliitwa Isude. Katika nyumba ile walizaliwa mabinti sita, naye alikuwa wa nne. Baba alitamani mtoto mwanaume, hakumpata, akamwacha mama yao akaoa mwingine. Habari ya namna hii hatuna haja ya kuwaeleza watu wa vijiji vyetu. Twaitaja kwa sababu wengine hudhani kwamba wito huota katika jamaa zisizo na jeraha.

Jina lake la kuzaliwa ni Nengapeta, na maana yake katika Kibudu ni kwamba mali hudanganya. Mwaka 1943 alibatizwa, akaitwa Alphonsine. Alipopelekwa masomoni, sista aliyeandika majina alimwandikia jina la dada yake mkubwa, yaani Anuarite, na likabaki hivyo. Wenye lugha husema Anuarite ni mtu achekaye vita. Basi kwa kosa la kalamu mtoto alipata jina ambalo baadaye lilimfaa kuliko yote.

Angali msichana, aliomba kuingia katika shirika la masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Mama yake alikataa. Siku moja kamio ilikuja Wamba kuchukua wasichana waliokwenda kuanza maisha ya kitawa, naye akapanda pamoja nao bila kuaga. Mama alimtafuta, na alipojua mahali alipo, mwishowe alikubali. Tarehe 5 Agosti 1959 Anuarite aliweka nadhiri zake za kwanza, na wazazi wake walikuwapo, wakatoa mbuzi wawili kuwa alama ya kumtolea Mungu binti yao.

Baada ya hapo ikafuata miaka mitano ambayo wasimulizi huipita mbio, kwa maana haina ajabu. Alitunza sakristia. Alipika. Alifundisha watoto wa masomo ya msingi. Waliomfahamu wanakumbuka kwamba alikuwa mwepesi wa kuumia moyoni, akiogopa sana kukosea, wala hakuwa mtu wa kujifanya shujaa. Katika daftari lake dogo aliandika kwamba hataki mwingine ila Yezu peke yake.

Twawaomba mtulie kidogo mbele ya miaka hii mitano. Katika Evanjili ya Matayo, sura ya 25, twasoma habari za wanawali kumi waliomngoja bwana arusi usiku. Wakristu wengi huuliza kwa nini wale watano wenye busara waliwanyima wenzao mafuta, nao ni watu wema. Tumesikia swali hilo mara nyingi katika mashirika yetu, nalo ni swali zuri. Jibu letu ni kwamba yako mafuta ambayo hayaazimiki. Hakuna awezaye kumpa mwingine katika saa moja uvumilivu ambao hakuukusanya kwa miaka. Anuarite aliyakusanya mafuta yake pale alipokuwa: katika kukunja vitambaa vya altare, katika moshi wa jiko, katika kumrudia mtoto asiyeelewa hesabu. Wala hakujua ni usiku gani taa itahitajiwa.

Usiku huo ulikaribia mwaka 1964. Waasi walioitwa Simba waliutwaa mji wa Stanleyville, ndio Kisangani ya leo, mwezi wa Agosti. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji waliteremka huko kwa miavuli, na siku mbili baadaye wakateremka Paulis, yaani Isiro. Walichukua Wazungu waliowapata, kisha wakaondoka. Na hasira za waasi zikawaangukia waliobaki. Siku ile ile ya tarehe 26, Monsinyori Joseph Wittebols, askofu wa Wamba, aliuawa. Hapa Ituri, Padri Bernardo Longo wa misioni ya Nduye alikuwa ameuawa Mambasa tangu tarehe 3 Novemba.

Tarehe 29 Novemba Simba walifika Bafwabaka, wakawapandisha masista wote katika kamio, wazee kwa wasichana, wakisema wanawapeleka mahali pa usalama. Safari iliishia Isiro. Pale mkubwa mmoja wa jeshi lao, Koloneli Ngalo, alimtaka Anuarite awe mke wake. Alikataa. Mama Mkubwa Léontine Kasima alijaribu kumkinga, asiweze. Koloneli Olombe alipewa kazi ya kumlazimisha. Usiku ule alitaka kumwingiza kwa nguvu ndani ya gari, yeye pamoja na Sista Jean-Baptiste Bokuma. Walishindana naye. Bokuma alivunjwa mkono, akazimia. Aliishi, akawa shahidi wa mambo haya. Anuarite alipigwa kwa kitako cha bunduki, na kati ya mapigo alimwambia Olombe kwamba afadhali afe kuliko kutenda dhambi hiyo, tena kwamba anamsamehe kwa kuwa hajui atendalo. Simba wakamchoma kwa visu vya bunduki, na Olombe mwenyewe akampiga risasi. Alikata roho baada ya usiku wa manane, tarehe 1 Desemba 1964. Zilibaki siku chache atimize miaka 25.

Wengi hukumbuka msamaha huo, wakasahau kwamba alisamehe huku akikataa. Hakukubali, hakunyamaza, hakusema kuwa jambo lile ni dogo. Alipinga kwa mikono yake na kwa kinywa chake mbele ya mashahidi. Twalisema hili kwa sababu katika Ituri, tangu vita vya mwaka 1999 na vile vilivyofuata, watu wengi wameambiwa wasamehe, na maana yake ilikuwa wanyamaze. Huo si msamaha wa Anuarite.

Wala hatuwezi kuliacha jina la Komanda. Parokia ya pale, katika jimbo letu la Bunia, inaitwa kwa jina la Mwenye Heri Anuarite. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, wapiganaji wa ADF waliwavamia waamini waliokuwa wakikesha katika sala, na watu zaidi ya 40 waliuawa, watoto wakiwa kati yao. Sisi hatuthubutu kumwendea mama aliyefiwa pale na kumhimiza asamehe leo. Twaweza kuketi naye, na kumtaja binti wa Isude, ambaye naye alikuwa na mama aliyelia.

Mwili wa Anuarite ulitupwa pamoja na wengine katika shimo moja. Ulipofukuliwa miezi kadhaa baadaye, ulitambulikana kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria iliyokuwa katika mfuko wa nguo yake. Ulizikwa katika makaburi ya Isiro, na mwaka 1978 ukahamishwa kuwekwa katika kanisa kuu la mji huo. Tarehe 15 Agosti 1985, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa, na mbele ya umati ule alitamka kwamba yeye naye, akimfuata Anuarite, anamsamehe yule aliyemwua. Olombe alikuwa angali hai.