Tabibu Aliyekingwa na Haki

Shiro Ishii alizaliwa Japani mwaka 1892, akahitimu utabibu Kyoto na kupanda vyeo jeshini. Elimu aliyokabidhiwa kwa kuponya aliigeuza kuwa silaha. Huko Pingfang, karibu na Harbin, katika ardhi ya China iliyotekwa na Wajapani, aliongoza Kikosi cha 731. Mahabusi, wengi wao Wachina, waliambukizwa tauni kwa makusudi na kupasuliwa wangali hai. Walioangamia ni maelfu.

Vita vilipokwisha, mahakama ya Wamarekani mjini Nuremberg iliwahukumu madaktari wa Hitler mwaka 1947, na washitakiwa 7 wakanyongwa mwaka uliofuata. Ishii hakuguswa. Marekani hiyo hiyo ilimkinga asishitakiwe ili ipate matokeo ya majaribio yake. Mwaka 1949 Warusi waliwahukumu Wajapani 12 mjini Khabarovsk, lakini mkuu wa kikosi hakuwamo. Alikufa kwa maradhi mjini Tokyo mwaka 1959, akiwa huru.

Haki ikipimwa kwa faida ya mwenye nguvu hugeuka biashara, na bidhaa yake ni damu ya wanyonge. Kila aliyekabidhiwa dhamana ya umma hana budi kulizingatia hilo.