Mama Bertha Benz: nini alijitengenezea, nini alipeleka kwa fundi

Mwezi wa Agosti 1888, mama Bertha Benz alitoka Mannheim, Ujerumani, kwenda kwa mama yake kule Pforzheim, safari ya kilomita mia moja hivi. Alichukua mutuka ya magurudumu matatu ya bwana yake Carl, pamoja na watoto wao Eugen na Richard. Bwana mwenyewe hakuambiwa. Na garaji za mutuka zilikuwa bado hazijakuwako.

Bertha alizaliwa mwaka wa 1849. Pesa aliyopewa kwao juu ya ndoa ndiyo iliokoa atelie ya Carl. Ile mashine aliijua vizuri, hakuwa abiria tu.

Njiani mrija wa esanse uliziba, akauzibua na pini ya kofia. Waya wa umeme ulihitaji kukingwa, akaukinga na mkanda wa soksi yake. Esanse ilipokwisha, aliingia farmasi ya Wiesloch akanunua ligroini, dawa ya kutoa madoa kwenye nguo.

Lakini mnyororo ulipoharibika, alienda kwa mhunzi. Freni za mbao nazo zililika, akamwomba fundi wa viatu azivike ngozi. Kuzibua mrija ni kazi ya dakika mbili. Mnyororo unataka moto na nyundo, na freni haichezewi. Tena hao mafundi hawakuwa wa mutuka: mama ndiye alijua ugonjwa uko wapi.

Kwenye milima watoto walisukuma. Kisha Carl akaongeza gia ya kupandia. Mama Bertha alikufa mwaka wa 1944, akiwa na miaka 95.