Onni Niskanen

Onni Niskanen (1910 – 1984) alikuwa kocha wa riadha wa Uswidi mwenye asili ya Ufini. Anajulikana hasa kama kocha wa Abebe Bikila wa Ethiopia, mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Maisha ya awali

Niskanen alizaliwa Ufini, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Milki ya Urusi, akakulia Uswidi. Alikuwa mkimbiaji na baadaye afisa wa jeshi.

Kazi nchini Ethiopia

Baada ya ukaliaji wa Italia wa miaka 1936–1941, Kaisari Haile Selassie aliajiri wataalamu wengi kutoka Uswidi ili wasaidie kujenga upya jeshi na elimu. Niskanen alifika mwaka 1946 kufundisha mazoezi ya viungo kwa wanajeshi. Ethiopia ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Melbourne mwaka 1956, lakini haikupata medali.

Niskanen alitafuta wakimbiaji miongoni mwa askari wa Kikosi cha Walinzi wa Kaisari. Aliwapa mbio ndefu, mbio za kupanda vilima, na mbio za vipande zenye mapumziko katikati. Mazoezi hayo yalifanyika Addis Ababa, mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mmoja wa askari hao alikuwa Abebe Bikila.

Roma 1960

Viatu vipya alivyopata Abebe mjini Roma havikumfaa. Kwa kuwa alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu, yeye na kocha wake waliamua akimbie peku. Walipokagua njia waliona karibu na mwisho nguzo ya Aksum, ambayo Waitalia waliichukua Ethiopia mwaka 1937. Walichagua mahali hapo pawe pa kuongeza kasi. Tarehe 10 Septemba 1960 Abebe alimwacha hapo Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, akashinda kwa saa 2:15:16.2. Nguzo yenyewe ilirudishwa Ethiopia mwaka 2005.

Mwezi Desemba 1960 viongozi wa Kikosi cha Walinzi walijaribu kumpindua Kaisari. Abebe alikamatwa kwa muda mfupi, kisha akaachiliwa na kurudi mazoezini.

Tokyo 1964

Wiki chache kabla ya mbio za Tokyo, Abebe alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Hata hivyo alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu, kwa saa 2:12:11.2. Alimtangulia mshindi wa pili kwa zaidi ya dakika 4.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1968 mjini Mexico, Abebe aliacha mbio kwa sababu ya jeraha, lakini Mwethiopia mwenzake Mamo Wolde akashinda. Mwaka 1969 Abebe alipata ajali ya gari iliyompooza miguu. Alifariki mwaka 1973.

Kazi ya ukocha iliendelezwa na Waethiopia wenyewe, akiwemo Negussie Roba, kocha wa Miruts Yifter aliyeshinda mita 5,000 na mita 10,000 mjini Moscow mwaka 1980. Niskanen alifariki mwaka 1984. Filamu ya mwaka 2009 kuhusu Abebe, iitwayo The Athlete, inamwonyesha pia kocha huyo.