Mama Alice Harris na picha za Baringa

Tangu Oktoba 2014, kila mauaji yanapotokea upande wa Beni, picha za maiti zinafika katika simu zetu hapa Butembo hata kabla ya kujulikana jina la kijiji. Wengine wanataka zipigwe marufuku kabisa. Sisi tunamkumbuka mmisionari mmoja Mprotestanti.

Alice Seeley alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Mwaka 1898 aliolewa na John Harris, na mwaka huohuo wakaja Kongo na misheni ya Congo Balolo. Walikaa Baringa, katika eneo la kampuni ya ABIR, ambako watu walilazimishwa kuleta mpira wa msituni chini ya utawala wa Leopold II. Mnamo Mei 1904, mumewe akiwa hayupo, alifika baba mmoja, Nsala, na furushi la majani. Ndani mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, wa miaka 5, aliyeuawa na walinzi wa kampuni. Mama Alice alimketisha barazani, akampiga picha.

Kama mtu angeizuia picha ile kwa sababu inachukiza, Leopold angeshukuru. Lakini hakuna aliyerushiwa picha ile akiwa mezani na watoto wake. Mama Alice na mumewe walizunguka Uingereza na Marekani na taa ya kuonyesha picha ukutani. Mkutano ulitangazwa kuwa juu ya ukatili wa Kongo. Aliyekuja alijua anakuja kuona nini, na asiyeweza alibaki nyumbani. Mkusanyo mmoja wa kampeni ile ulikuwa na picha 60, na si zote zilikuwa za ukatili. Palikuwa na wimbo, maombi, na mtu wa kueleza. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo. Mama Alice alifariki mwaka 1970, akiwa na miaka 100.

Boali tunamjua kwa jina. Picha nyingi tunazotumiwa leo hazina jina wala tarehe, na nyingine zinatoka nchi za mbali kabisa.

Kwa hiyo, wapendwa, mwenye picha ya kweli aitunze, ni ushahidi. Katika vikundi vya makanisa yetu, andika kwanza kwa maneno ni nini na ni wapi, uulize nani anataka kuiona, kisha umtumie huyo peke yake. Kwenye WhatsApp, zima upakuaji wa picha unaojifanya wenyewe, ili ufungue tu unachochagua. Na familia ya marehemu iwe imekwisha kupewa habari, ana kwa ana.