Maisha ya Bibi Anna Howard Shaw, Mchungaji na Mtetezi wa Wanawake

Yubile ni wakati wa kuwakumbuka waliotutangulia. Kwa hiyo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, hasa walimu na akina mama wa mitaa yetu, habari za Bibi Anna Howard Shaw, mchungaji wa Kimethodisti aliyelihubiri Neno la Mungu katika mikutano ya mataifa iliyoitishwa kwa ajili ya haki za wanawake. Hakuwa mtu wa nchi zetu. Lakini swali alilolijibu kwa maisha yake lingali laulizwa katika makanisa mengi: mwanamke akiitwa na Mungu, ni nani wa kumzuia?

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1847 huko Newcastle upon Tyne, Uingereza. Alipokuwa na umri wa miaka 4, wazazi wake waliwavusha watoto wao bahari kwenda Marekani. Mwaka wa 1859 baba yake alitwaa shamba katika misitu ya Michigan, akampeleka huko mkewe pamoja na watoto, naye mwenyewe akabaki mjini kufanya kazi. Walikuta nyumba ya magogo isiyo na sakafu wala milango. Anna, naye ni mtoto wa miaka 12, akapasua kuni, akalima, akasaidia kuchimba kisima. Tena alikuwa akiingia msituni peke yake, akapanda juu ya kisiki, akaihubiria miti. Hata alipofika miaka 15 akawa mwalimu wa shule.

Mwaka wa 1870 alihubiri mara ya kwanza mbele ya watu. Jamaa zake waliona ni aibu kuu, wakamwahidi kumlipia masomo ya chuo kikuu iwapo angeacha kuhubiri. Yeye alitamani sana elimu, lakini akakataa, akashika njia yake bila msaada wao.

Toka 1876 mpaka 1878 alisoma elimu ya dini katika Chuo Kikuu cha Boston, mwanamke peke yake katika darasa la wanaume. Wenzake walipewa vyumba bure na chakula kwa bei ndogo. Yeye hakupewa kama wao. Alikaa katika chumba cha darini, mara nyingi na njaa, viatu vyake vimechakaa, hata mama mmoja wa chama cha misheni alipoiona taabu yake akamsaidia ili amalize masomo.

Alipomaliza akapewa usharika wa East Dennis, penye pwani ya Massachusetts. Watu wake walimpenda, lakini hakuwa na ruhusa ya kubatiza wala kutoa Meza ya Bwana, maana hakuwa amewekewa mikono. Mwaka wa 1880 aliomba, akakataliwa na askofu. Akakata rufani mbele ya Mkutano Mkuu wa kanisa lake, akakataliwa tena kwa sababu ni mwanamke. Wengi wangaliliacha Kanisa kwa uchungu. Yeye aliliendea tawi jingine la Wamethodisti, lile la Methodist Protestant, nalo likamwekea mikono tarehe 12 Oktoba mwaka ule ule. Baadaye akasoma uganga pia, akapata shahada yake mwaka wa 1886.

Mwezi wa Machi 1888 wanawake wa nchi mbalimbali walikusanyika Washington, ili kukumbuka miaka 40 tangu mkutano wa haki za wanawake wa Seneca Falls, na kuunda Baraza la Wanawake la Mataifa. Jumapili tarehe 25 Machi, Bibi Shaw ndiye aliyepewa kuhubiri. Alieleza habari ya Mtume Paulo mbele ya Mfalme Agripa, jinsi asivyoyaasi maono aliyopewa kutoka mbinguni. Waliomsikia walitambua kwamba alikuwa akisema jambo alilolilipia gharama.

Toka 1904 mpaka 1915 alikuwa rais wa chama kikuu cha Marekani cha kuwadai wanawake haki ya kupiga kura. Mwezi wa Juni 1911, mkutano wa mataifa wa chama cha kura ulipofanyika Stockholm, alihubiri katika kanisa la Gustaf Vasa, la Kanisa la Taifa la Sweden. Kanisa hilo lilikubali wanawake kuwa makasisi mwaka wa 1958 tu.

Hatusemi kwamba hakuwa na dosari. Katika hotuba zake nyingine alinung'unika kwamba wageni na watu weusi waliotoka utumwani walipewa kura kabla ya wanawake wa jamii yake, na chama chake hakikuwatetea vya kutosha wanawake weusi. Yatupasa kulisema hili waziwazi, maana anayeitafuta haki yake anaweza kuisahau haki ya jirani.

Tarehe 4 Juni 1919 Seneti ya Marekani ilipitisha badiliko la katiba la kuwapa wanawake kura. Bibi Shaw alifariki tarehe 2 Julai, akiwa na miaka 72, kabla jambo lile halijawa sheria mwezi wa Agosti 1920. Na kanisa lililomkataa, likiisha kuungana na matawi mengine, liliwapa wanawake haki kamili za uchungaji mwaka wa 1956, miaka 76 baada ya rufani yake.

Basi, walimu na washarika, tuwatazame binti waliomo katika madarasa na makanisa yetu. Huenda yumo mmoja anayeihubiria miti kwa kuwa hajapata watu wa kumsikiliza. Tusimngojeze miaka 76.