Mfalme Ashoka wa Bara Hindi

Tusomapo habari za wafalme wa kale, wengi wetu hupenda kujua walishinda vita vingapi. Leo nataka kuwaeleza wasomaji habari za mfalme aliyeshinda vita, kisha akauonea haya ushindi wake.

Ashoka alikuwa mwana wa Bindusara, na mjukuu wa Chandragupta aliyeanzisha ufalme wa Maurya. Mji wake mkuu ulikuwa Pataliputra, kando ya mto Ganges, mahali ulipo mji wa Patna siku hizi. Alitawala yapata mwaka 268 hata 232 K.K., na nchi yake ilianzia Afghanistan ya leo ikaenea karibu Bara Hindi yote, isipokuwa ncha ya kusini.

Pwani ya mashariki palikuwa na nchi ya Kalinga, nayo ilikuwa haijatiwa chini ya ufalme huo. Yapata mwaka 261 K.K. Ashoka aliipiga vita akaishinda. Watu 150,000 walihamishwa makwao, 100,000 waliuawa, na wengine wengi zaidi walikufa. Hesabu hiyo haikutoka kwa adui zake, bali aliichorisha mwenyewe juu ya miamba, pamoja na huzuni yake. Kweli majuto ni mjukuu.

Tangu hapo alizidi kuyashika mafundisho ya Buddha. Aliamuru visima vichimbwe na miti ya kivuli ipandwe kando ya njia, tena dawa zipatikane kwa watu na kwa wanyama. Jikoni mwake, ambamo zamani wanyama maelfu walichinjwa kila siku, walibaki tausi wawili na paa mmoja, naye paa si kila siku. Amri zake zilichorwa kwa lugha zaidi ya moja. Huko Kandahar ziliandikwa kwa Kigiriki na Kiaramu.

Lakini haifai kumsifu kupita kiasi. Kalinga hakuirudisha. Adhabu ya kifo hakuiondoa, ila waliohukumiwa aliwapa siku tatu kwanza. Tena katika miamba ya Kalinga kwenyewe yale maneno ya majuto hayakuchorwa. Badala yake maofisa waliagizwa wasiwaonee watu. Nadhani hata kwa mfalme ni vigumu kukiri kosa mbele ya yule aliyemkosea.

Baada ya kufa kwake ufalme ulidumu miaka hamsini hivi tu, na maandishi yake yakasahauliwa hata hapakuwa na mtu wa kuyasoma. Mwaka 1837 Mwingereza James Prinsep alifaulu kuyasoma tena. Leo simba wa nguzo yake ya Sarnath ni nembo ya India tangu 1950, na gurudumu lake limo katika bendera ya nchi hiyo tangu 1947.

Sisi wanafunzi tukikosa, jambo la kwanza ni kutafuta wa kumsingizia. Ashoka hakuwa na mwalimu wala hakimu wa kumwuliza, na angaliweza kunyamaza. Hakunyamaza, wala hakuyatimiza yote yaliyompasa. Basi na tujifunze kwake kukiri, kisha tujitahidi kwenda mbele kuliko alipofika yeye: tukiri kwa tuliyemkosea, na tulichokitwaa tukirudishe.